Kabla ya Kuchanga, Tuulize Udongo

Hotuba ya Kamati ya Fedha na Mipango kwenye hafla ya mwaka ya kuchangia maendeleo ya nyumbani





Kila mwaka kamati yetu hupewa nafasi hii kusoma mapato na matumizi, na tunajua huwa inakuwaje. Tukifika ukurasa wa pili watu wanaanza kuangalia simu. Tukifika wa tatu, harufu ya nyama choma imeshatushinda. Mwaka huu hesabu zote tumezichapisha ndani ya kijitabu hiki, kila mtu atazisoma kwa nafasi yake na kutuuliza. Leo tumeomba ruhusa tuwasimulie maisha ya mtu mmoja, mtaalamu wa kemia ya kilimo, ambaye hakuwahi kuishi kwetu lakini zao alilolipigania linajulikana kwa kila mtoto wa Kongwa. Mwishoni mtaona kwa nini watu wa hesabu tumemchagua yeye, na kwa nini tuna jambo letu wenyewe la kuungama.

Mtu huyo ni George Washington Carver.

Mtoto aliyegombolewa kwa farasi

Carver alizaliwa mtumwa, jimbo la Missouri nchini Marekani, karibu na mwaka 1864. Tarehe yake haijulikani, kwa sababu watoto wa watumwa hawakuandikiwa kumbukumbu za namna hiyo. Akiwa bado mchanga, wavamizi walimteka yeye na mama yake, Mary. Bwana wa shamba, Moses Carver, alituma mtu awafuatilie. Mtoto alirudishwa, na inasimuliwa kwamba malipo yake yalikuwa farasi mmoja. Mama hakuonekana tena.

Utumwa ulipokwisha, Moses na mkewe Susan waliwalea George na kaka yake. George alikuwa dhaifu wa mwili, hivyo kazi nzito za shamba hazikumfaa. Alibaki nyumbani akajifunza kupika, kushona, kufua na kutunza bustani. Majirani wakaanza kumletea mimea iliyonyauka, naye akiwa bado mtoto wakamwita daktari wa mimea.

Shule ya karibu haikupokea watoto weusi. Alipofika umri wa miaka kumi na kitu alikwenda mji wa Neosho palipokuwa na shule ya watoto wa rangi yake, akapokelewa na familia ya Mariah na Andrew Watkins. Akalala kwao, akasaidia kazi za nyumbani, akasoma. Wengi wetu humu ndani tunayajua maisha hayo. Tumesoma kwa kulala kwa shangazi, kwa mjomba, kwa mzee wa kanisa, tukichota maji kabla ya kwenda darasani.

Kutoka hapo alihamahama Kansas kwa miaka mingi. Mji mmoja aliuhama baada ya kuona kundi la watu likimuua mtu mweusi. Alimaliza sekondari, akaomba nafasi katika chuo kimoja, akakubaliwa kwa barua. Alipofika getini na wakamwona rangi yake, wakamkatalia. Ikampita miaka kadhaa kabla ya kujaribu tena. Mwaka 1890 akaingia chuo cha Simpson, jimbo la Iowa, akasomea uchoraji na piano, na riziki yake ikawa kuwafulia wanafunzi wenzake nguo. Mwalimu wake wa uchoraji, Etta Budd, aliona jinsi anavyoijua mimea, akamshauri aende chuo cha kilimo cha Iowa kule Ames. Akaingia mwaka 1891, mwanafunzi wa kwanza mweusi pale. Mwaka 1894 akapata shahada ya kwanza, mwaka 1896 ya uzamili. Alikuwa tayari anafundisha, na utaalamu wake wa magonjwa ya mimea yanayoletwa na ukungu ulikuwa umeanza kujulikana.

Maabara ya chupa za jalalani

Mwaka huo huo wa 1896, Booker T. Washington, mkuu wa shule ya Tuskegee, Alabama, alimwandikia amwombe aje kuongoza idara ya kilimo. Tuskegee ilikuwa shule ya watu weusi, iliyojengwa na wanafunzi wenyewe kwa matofali waliyofyatua. Carver angeweza kubaki Ames kwenye vifaa na heshima. Akaenda.

Alipofika hakukuta maabara. Alichofanya kinatuhusu sana sisi tunaochangisha pesa. Aliwachukua wanafunzi wakapita majalalani na nyuma ya majumba, wakaokota chupa, mitungi, vifuniko, masufuria mabovu na vipande vya waya. Chupa ya wino ikatiwa utambi ikawa taa ya kuchemshia. Kwa vitu hivyo akaanza kupima udongo.

Tusielewane vibaya. Hatusemi kwamba watoto wetu wanatosha na chupa za jalalani. Carver mwenyewe hakuacha kudai vifaa bora kwa miaka yote, na aligombana na mkuu wake kwa ajili hiyo. Tunachosema ni kwamba alianza na kupima, na hakungoja.

Udongo ni daftari

Kusini mwa Marekani wakati ule kulilimwa pamba, mwaka hadi mwaka, shamba lile lile. Sisi wahasibu tunaielewa hali hiyo haraka kuliko wengi. Udongo ni akaunti. Kila zao linatoa kitu: nitrojeni, fosforasi, potasiamu na vingine. Ukitoa kila msimu bila kuweka, salio linashuka. Mkulima haletewi taarifa ya benki. Anaona tu kwamba magunia yanapungua, na anadhani ni mvua au ni mkosi. Mkulima mweusi wa Alabama alikuwa na shida ya ziada. Wengi walilima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno, na walikopa chakula na mbegu dukani kwa kuweka rehani pamba ambayo haijaota. Mbolea ya kiwandani hawakuiweza.

Carver aliwaambia waweke akiba kwa njia walizoziweza. Majani ya porini, tope la mabwawani na samadi viozeshwe viwe mboji. Na shamba lisipandwe pamba kila mwaka, bali lipokezane na kunde, karanga na mazao mengine ya jamii ya mikunde. Hapa ndipo kemia inapoingia. Hewa tunayovuta, sehemu kubwa ni nitrojeni, lakini mmea hauwezi kuichukua kutoka hewani. Kwenye mizizi ya kunde na karanga kuna vinundu vidogo, na ndani yake wanaishi bakteria wanaoikamata nitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Ukiyaacha mabaki na mizizi shambani, sehemu ya nitrojeni hiyo inabaki kwa ajili ya zao linalofuata. Ukiyang'oa yote ukayapeleka nyumbani, umeweka pesa benki asubuhi na kuitoa jioni.

Bibi zetu walichanganya kunde, karanga na njugu mawe shambani na mtama bila kusikia jina la nitrojeni. Carver angewasikiliza.

Mavuno bila soko

Wakulima walipoanza kumfuata, na hasa mdudu anayekula vitumba vya pamba alipoingia Alabama karibu na mwaka 1910, karanga zililimwa kwa wingi. Ikazuka shida nyingine: zinauzwa wapi? Carver alijifungia maabara akatafuta matumizi. Mwaka 1916 alitoa kijitabu cha njia 105 za kuandaa karanga kwa chakula, pamoja na maelezo ya kuzilima. Baadaye orodha yake ya vitu vinavyoweza kutokana na karanga ilifika karibu 300: maziwa, rangi, wino, sabuni, mafuta ya kujipaka. Viazi vitamu navyo alivipa orodha ya zaidi ya 100.

Watu wa hesabu hawatakiwi kuongeza chumvi, kwa hiyo tuseme ukweli. Carver hakuvumbua siagi ya karanga, ingawa wengi husema hivyo. Vingi katika orodha yake havikufika kiwandani, na kanuni za kuvitengeneza nyingi hakuziandika. Alisajili hataza tatu tu, wala hazikumletea utajiri. Tukimpima kwa faida ya biashara, mizania yake ni nyembamba. Kazi yake kubwa ilikuwa kwingine: aliihamisha sayansi kutoka chuoni akaifikisha kwa mkulima asiyejua kusoma.

Alifanya mkutano wa wakulima kila mwezi. Aliandika vijitabu 44 kwa lugha nyepesi, vikieleza zao linavyolimwa na pia linavyopikwa, maana alijua kwamba mama wa nyumbani naye ni mkulima. Na kwa waliokuwa mbali mno, mwaka 1906 Tuskegee ilitengeneza gari la kukokotwa na wanyama, lililojaa mbegu, zana na vifaa vya mafunzo. Carver ndiye aliyelichora. Pesa zilitoka kwa mfadhili wa New York, Morris Jesup, na gari likaitwa kwa jina lake. Thomas Campbell alilizungusha kijiji kwa kijiji. Lilipofika, somo lilitolewa pale pale shambani, kwa udongo wa pale pale.

Mwaka 1921 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kuelezea karanga, wakati wakulima wakiomba ushuru kwa karanga za kutoka nje. Walimpa dakika 10. Baadhi ya wajumbe walimdhihaki kwa rangi yake. Hakujibu matusi; alifungua sanduku akaanza kutoa chupa moja baada ya nyingine. Dakika zikaisha, wakamwongezea, hadi mwenyekiti akamwambia aendelee kadiri apendavyo. Mwaka uliofuata ushuru huo ukawa sheria.

Carver alifariki tarehe 5 Januari 1943, akazikwa Tuskegee kando ya Booker T. Washington. Hakuoa, hakuwa na mtoto. Inasimuliwa kwamba makarani wa fedha wa shule walimlalamikia kwa sababu hundi za mshahara alizikalisha kwenye droo bila kuzipeleka benki. Mwanachama wa namna hiyo angetutia kichaa. Lakini akiba yake ya maisha aliitoa yote kuanzisha mfuko wa utafiti, ili vijana wengine waendelee.

Karanga zilipokuja Kongwa

Miaka minne baada ya kifo chake, zao lile lile lilikuja kwetu kwa namna nyingine kabisa. Hakuna haja ya kuwasimulia wazee. Baadhi yenu baba zenu walifanya kazi humo. Uingereza baada ya vita ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Ujumbe ulitumwa mwaka 1946, ukazunguka kwa wiki chache, ukarudi na mpango wa eka zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa eka 150,000. Zilizopatikana hazikufika 10,000.

Matrekta yaliletwa, hata vifaru vya vita vikageuzwa vya kung'olea miti. Lakini udongo ulikuwa haujaulizwa. Tunaujua udongo wetu mwekundu: mvua ikinyesha ni laini, jua likiwaka unakuwa kama sakafu ya saruji. Mchanga wake mkali ulikula majembe ya matrekta. Na karanga ni zao la ajabu: ua likishachavushwa, kikonyo chake hushuka na kuingia ardhini, ndipo ganda linapokua. Lataka udongo mwepesi. Kwenye udongo uliokauka, kuingia ni shida na kung'oa ni shida. Mvua nayo haikuwa ile ya kwenye makaratasi. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ukafutwa, na pauni zaidi ya milioni 36 zikawa zimepotea. Sehemu ya ardhi ile leo ni Ranchi ya Kongwa.

Karanga zenyewe hazikuwa na kosa. Bibi zetu walizilima kabla ya Waingereza na wakaendelea baada yao. Tofauti ni kwamba Carver, akiwa na chupa za jalalani, alianza na udongo na mkulima. Wale wenye mamilioni walianza na mashine.

Hesabu yetu wenyewe

Sasa tuje kwetu. Mnakumbuka misimu mitatu iliyopita tulichanga kwa moyo, tukanunua mbolea ya kukuzia, tukaipeleka nyumbani kwa lori lenye bango la chama. Tulipiga picha. Mbolea ya aina moja, kipimo kimoja, ikagawiwa kwa kila kaya: wa udongo mwekundu, wa kichanga, na wa mbuga nyeusi kule bondeni. Mwaka ule mvua ikakatika mapema. Kuna walioona mahindi yakiungua. Kuna ambao hadi leo mifuko imo ghalani, imeganda kama jiwe.

Sisi kamati tulikuwa na stakabadhi zote. Mkaguzi alitupa hati safi. Kwenye ripoti tuliandika kwamba mradi umekamilika. Hiyo ndiyo sentensi tunayoiomba radhi leo, kwa sababu kilichokamilika ni ununuzi. Hakuna aliyepima udongo hata wa shamba moja. Hakuna aliyewauliza akina mama, ambao mwaka ule kilio chao kilikuwa kingine: karanga zao zilikataliwa na wanunuzi kwa kuota ukungu. Tuliketi mjini, tukafanya na sisi mpango wetu mdogo wa karanga.

Tunachoomba

Kwa hiyo maombi ya mwaka huu ni matatu, na hakuna hata moja litakalopendeza kwenye picha.

La kwanza, kupima udongo. Kila kijiji kitachagua mashamba yatakayowakilisha aina zake za udongo. Vijana wetu watachota udongo sehemu 10 hadi 15 za kila shamba, kina cha sentimita 20, wauchanganye kwenye ndoo safi ya plastiki, wachukue nusu kilo na kuiandika vizuri. Sampuli zitapelekwa maabara ya udongo, iwe Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro au TARI Mlingano, Tanga. Majibu yatasomwa kijijini, kwa Kiswahili na Kigogo, kabla hatujanunua mfuko hata mmoja wa chochote.

La pili, maabara ya kemia ya sekondari yetu. Wanafunzi wanafika kidato cha nne wamechora mrija wa majaribio mara nyingi kuliko walivyoushika. Orodha ya vifaa imeandikwa na walimu wenyewe, imo nyuma ya kijitabu hiki pamoja na bei.

La tatu, gari letu la Jesup. Halitakuwa gari kweli. Ni pikipiki ya matairi matatu, spika, turubai, mizani na afisa ugani aliyekubali kuzunguka nasi minadani, ambako watu wapo tayari. Somo la kwanza litakuwa kukausha karanga na mahindi juu ya turubai na si juu ya ardhi, na kutambua ukungu. Hatujasahau mwaka 2016, sumukuvu ilipoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Karanga iliyokauka vizuri ni uhai, na pia ni bei nzuri sokoni.

Mwakani msituulize tumetumia kiasi gani tu. Tuulizeni mashamba mangapi yamepimwa, majibu yalisema nini, na mkulima alibadilisha nini. Tukishindwa kujibu, tuondoeni kwenye kamati.

Bahasha ziko mezani, na fomu za ahadi zimo katikati ya kijitabu. Asiye na fedha leo aandike ahadi. Aliye na shamba nyumbani aandike na jina la kijiji chake, ili udongo wake uwemo kwenye orodha. Mtoto aliyegombolewa kwa farasi alitoa akiba yake yote kwa watu wasio watoto wake. Sisi tunaombwa kidogo, kwa ajili ya mama zetu na wadogo zetu.

Mungu aibariki Kongwa, na atupe mvua.